Sura ya Nne: Anayemtafuta Mwanafunzi na Anayemfundisha

Njia ya haraka ya kukijua chuo cha ufundi ni kusoma orodha yake ya mishahara. Vipeperushi vya vyuo hufanana: kijana aliyevaa koti jeupe la maabara, mashine mpya, ahadi ya kazi nzuri. Orodha ya mishahara haina mapambo. Huonyesha ni wangapi wameajiriwa kutafuta wanafunzi, ni wangapi kuwafundisha, na ni wangapi kuwasaidia wamalize masomo na kupata kazi. Sura hii inachunguza uwiano huo katika vyuo vya Marekani vinavyoendeshwa kwa faida, vile vinavyofundisha usaidizi wa tabibu, ufundi wa magari, ususi na unyozi, ufundi wa kompyuta na kazi nyingine za mikono na za ofisini. Hoja yangu ni moja. Chuo huajiri kufuata saa ambayo fedha ya mwanafunzi inakuwa mali yake. Ikiwa fedha hiyo inapatikana mwanafunzi anapoandikishwa na kuketi darasani kwa wiki chache, chuo kitaajiri watu wa kuandikisha. Ikiwa sehemu yake kubwa inapatikana mwanafunzi anapohitimu na kuajiriwa, chuo hichohicho, chini ya mmiliki yuleyule, kitaajiri wakufunzi na washauri. Kwa hiyo anayetaka kurekebisha vyuo hivi asipoteze muda kuhubiri dhidi ya tamaa. Aanze na ratiba ya malipo.

Tuanze na hesabu ya chuo kidogo, kwa kuwa bila hesabu hiyo mmiliki ataonekana mwovu kuliko alivyo. Chukua mfano wa kubuni: darasa moja la usaidizi wa tabibu lenye nafasi 20, ambapo kila mwanafunzi hulipa dola 15,000 kwa kozi nzima. Kodi ya jengo, vifaa, mshahara wa mkufunzi, bima na ada za ithibati zinafika dola 180,000, na gharama hizo hazipungui hata darasa likiwa nusu tupu. Wanafunzi 12 wa kwanza wanarudisha gharama tu. Wa 13 hadi wa 20 wanaleta dola 120,000 ambazo karibu zote ni faida. Sasa mwambie mmiliki ana dola 60,000 za kuajiri mtu mmoja zaidi. Ofisa udahili atakayeleta wanafunzi wanane wasiotazamiwa ataziba pengo lote mwaka huohuo. Mkufunzi wa pili atapunguza msongamano wa karakana, atawaonyesha walio nyuma, atainua ujuzi wa kila mhitimu, lakini mapato ya kazi yake hayaonekani katika vitabu vya mwaka huu, na pengine hayataonekana kamwe, kwa kuwa mhitimu aliyefundishwa vizuri halipi ada mara ya pili. Vyuo vingi vya aina hii hupokea kundi jipya kila mwezi au kila baada ya majuma machache, kwa hiyo swali la viti vitupu halisubiri Septemba. Linarudi katika kikao cha kila Jumatatu. Mtu mwema kabisa akikaa kwenye kiti cha mmiliki huyo, hesabu itamsukuma upande uleule.

Hesabu hiyo isingekuwa na madhara makubwa kama mwanafunzi angelipa kwa fedha yake, akijua bei na kuipima. Lakini mlipaji mkuu ni serikali. Mwaka 1944 Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha askari waliorudi vitani, na kwa muda mfupi vyuo vya biashara na ufundi vilichipuka kila mahali kuifuata fedha hiyo. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba sheria ya 1952, ya askari wa vita vya Korea, iliweka sharti kwamba katika kozi inayopokea fedha hizo wanafunzi wanaogharimiwa na serikali wasizidi asilimia 85, ili angalau wachache wawe ni watu walioona bei hiyo inastahili kulipwa kutoka mfukoni. Mwaka 1972 milango ya ruzuku na mikopo ya shirikisho ya wanafunzi ilifunguliwa kikamilifu kwa vyuo vya faida. Baada ya kashfa za miaka ya 1980, Bunge lilirudisha wazo la 1952 kwa sura nyingine: kuanzia 1992 chuo cha faida hakikuruhusiwa kupata zaidi ya asilimia 85 ya mapato yake kutoka kwenye misaada hiyo. Mwaka 1998 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 90, huku fedha za mafunzo ya wanajeshi zikiwa hazihesabiwi humo. Ndiyo maana kwa miaka mingi askari na maveterani walitafutwa kwa bidii ya pekee: dola moja yao ilifungua nafasi ya dola tisa za misaada mingine. Mwanya huo ulizibwa kwa sheria ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika 2023. Funzo la awali liko hapa. Kanuni ya fedha ilipobadilika, wasimamizi wa udahili walibadilisha mtu wa kumpigia simu.

Tuitazame saa yenyewe ya malipo. Kwa kanuni za shirikisho, mwanafunzi akiacha masomo mapema, msaada wake huhesabiwa kwa kadiri ya muda aliohudhuria, na salio hurudishwa serikalini. Lakini akivuka asilimia 60 ya kipindi cha malipo, msaada wa kipindi chote unahesabiwa kuwa umeshapatikana. Kanuni hii ilitungwa kwa nia njema, ya kumlinda mwanafunzi aliyeugua karibu na mwisho wa muhula. Hata hivyo inakiambia chuo siku kamili ambayo kuondoka kwa mwanafunzi kunaacha kuwa hasara. Kabla ya siku hiyo, kila anayekosa darasa hupigiwa simu. Baada yake, anayemfuatilia anafanya hivyo kwa hisani. Kuhitimu kwake, kufaulu mtihani wa leseni, kuajiriwa, kulipa deni: hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye dola iliyofungwa kwacho. Chuo kinacholipwa kwa mpango huo kikiajiri watu wengi wa kuhangaikia hatua hizo za mwisho, kinafanya hivyo kwa gharama yake na dhidi ya mshindani asiyefanya.

Je, orodha za mishahara zinathibitisha hoja hii? Uchunguzi mkubwa kuliko wote ni ule wa kamati ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Tom Harkin wa Iowa, ambayo ilipitia nyaraka za ndani za kampuni 30 na kutoa ripoti Julai 2012. Mwaka 2010 kampuni hizo zilikuwa na watafuta wanafunzi zaidi ya 30,000. Waliokuwa na kazi ya kuwasaidia wahitimu kupata ajira walikuwa 3,512, na wa huduma za kumsaidia mwanafunzi akiwa masomoni walikuwa 12,452. Yaani kwa kila mtu mmoja wa kumtafutia mhitimu kazi, kulikuwa na zaidi ya wanane wa kumtafuta mwanafunzi mpya. Fedha zilisema hivyohivyo. Katika mwaka wa fedha 2009 kampuni hizo zilitumia dola bilioni 4.2, karibu asilimia 23 ya mapato yote, kwa matangazo na udahili; faida kabla ya kodi ikawa dola bilioni 3.6, ufundishaji wenyewe ukapata dola bilioni 3.2, asilimia 17. Na matokeo yakafuata. Kati ya wanafunzi walioanza mwaka wa masomo 2008/09, zaidi ya nusu walikuwa wameshaondoka bila cheti chochote ilipofika katikati ya 2010. Takwimu hizi haziwezi kusomwa kama uzembe wa mameneja wachache. Kampuni 30 zenye wamiliki tofauti, makao tofauti na kozi tofauti ziliajiri kwa mwelekeo mmoja, kwa sababu zililipwa kwa mwelekeo mmoja.

Kazi ya watu hao ilikuwaje, tunajua kutokana na ushahidi wa aina mbili. Mwaka 2010 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilituma wapelelezi waliojifanya waombaji katika vyuo 15 vya faida. Vyote 15 viliwapa maelezo ya udanganyifu au yenye utata, na katika vinne wafanyakazi waliwahimiza kughushi taarifa za fedha ili wapate msaada. Mwombaji mmoja aliambiwa kinyozi anaweza kupata dola 150,000 hadi 250,000 kwa mwaka, kiasi ambacho vinyozi walio wengi wa Marekani hawakikaribii. Ushahidi wa pili ni wa mwanasosholojia Tressie McMillan Cottom, ambaye aliwahi kufanya kazi ya udahili katika vyuo viwili vya faida kabla ya kuandika kitabu chake Lower Ed, kilichotoka 2017. Uchambuzi wake unaonyesha kwamba mafanikio ya kazi hiyo yanategemea kuondoa vikwazo vyote kati ya shauku ya mwombaji na sahihi yake: fomu hujazwa kwa niaba yake, maswali ya fedha hupelekwa meza ya jirani, na kila jambo hufanyika ndani ya siku chache kabla shauku haijapoa. Bunge lilikwisha kuona hatari hii. Sheria ya 1992 ilipiga marufuku kuwalipa maofisa udahili kwa idadi ya wanafunzi wanaowaleta. Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ikatoa kanuni 12 za msamaha, na moja yake iliruhusu mshahara kurekebishwa hadi mara mbili kwa mwaka mradi idadi ya waliodahiliwa isiwe kigezo pekee. Wanafunzi wa vyuo vya faida vinavyotoa shahada na stashahada, ambao mwaka 2000 walikuwa chini ya nusu milioni, walifika takriban milioni mbili mwaka 2010. Misamaha hiyo iliondolewa kuanzia Julai 2011. Siwezi kuipa kanuni moja lawama za ongezeko hilo lote, kwa kuwa mdororo wa uchumi wa 2008 na masomo ya mtandaoni yalichangia sana. Lakini ongezeko hilo lilihitaji jeshi la wapiga simu, na misamaha iliruhusu jeshi hilo lilipwe kwa windo.

Upande wa pili wa orodha ya mishahara ni wakufunzi. Katika kampuni alizochunguza Harkin, asilimia 80 ya wakufunzi mwaka 2010 walikuwa wa muda. Watetezi wana jibu zuri hapa, na linastahili kusikilizwa. Wanasema chuo cha ufundi kinataka mtu anayefanya kazi yenyewe: fundi wa magari anayeshinda gereji na kufundisha jioni anajua injini za mwaka huu kuliko mwalimu aliyeiacha gereji miaka 20 iliyopita. Ni kweli, na chuo cha umma chenye wakufunzi wa kudumu waliopitwa na wakati hakiwezi kujisifu. Tatizo ni kwamba mkufunzi wa muda analipwa kwa saa za darasani. Hakuna saa iliyotengwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyeshindwa kuelewa sehemu ndogo za hesabu za dawa, wala ya kuandaa mtaala, wala ya kumpigia simu mwenye hospitali anayeweza kuwapokea wahitimu. Akiona darasa limejazwa watu ambao hawawezi kuifanya kozi, hana sauti katika kikao cha udahili, na mkataba wake unaisha mwisho wa moduli. Chuo kinachomchukua fundi wa gereji kwa jioni tatu, kikaweka juu yake mkufunzi mkuu wa kudumu mwenye mamlaka ya kusema hapana kwa udahili mbaya, kimepata faida zote mbili. Kinachomchukua fundi huyo kwa sababu ni rahisi kumwondoa kimepata nafuu ya gharama tu.

Pingamizi la pili ni kwamba ushahidi huu unahusu kampuni kubwa zilizouza hisa sokoni, ilhali chuo kidogo cha mtaani, kinachoendeshwa na familia, ni kitu kingine. Pingamizi hili lina nguvu, na kwa kweli linaisaidia hoja yangu. Chuo kidogo kina mlinzi ambaye kampuni kubwa haina: jina lake mjini. Mwenye saluni aliyepata msusi asiyejua kushika mkasi atamwambia mwenzake, na mwaka unaofuata mlango wa ajira unafungwa. Wachumi Stephanie Cellini na Claudia Goldin walionyesha kwamba Marekani ina maelfu ya vyuo vidogo vya faida ambavyo havipokei misaada ya shirikisho kabisa, na walipolinganisha kozi zinazofanana walikuta vyuo vinavyopokea misaada vinatoza takriban robo tatu zaidi ya vile visivyopokea. Hapo tuna aina mbili za chuo, zote zikitafuta faida, zote zikifundisha unyozi au usaidizi wa tabibu. Kinachozitenganisha ni nani analipa na lini. Ile inayolipwa na mwanafunzi mwenyewe, mara nyingi kwa mafungu kadiri masomo yanavyoendelea, inalazimika kumridhisha kila mwezi. Kwa hiyo faida yenyewe si mshitakiwa wetu. Lakini chuo cha familia kikiingia kwenye mfumo wa misaada, kisha kikanunuliwa na kampuni inayotaka idadi kila robo mwaka, jina la mjini linabaki kwenye ubao wa mlangoni huku uamuzi wa nani aajiriwe ukihamia mbali. Hivyo ndivyo kampuni ya Corinthian Colleges ilivyokua, kwa kununua vyuo vilivyokuwa na majina yao tayari, kikiwamo Heald cha California kilichoanza karne ya 19.

Pingamizi la tatu ndilo linalotajwa zaidi: wanafunzi wa vyuo hivi ni maskini, wengi ni wazazi, wengine wana kazi mbili, na wangeacha masomo popote pale. Takwimu za kuacha masomo, wanasema, zinapima umaskini. Nalikubali nusu yake. Mwanafunzi anayelea watoto wawili peke yake ana sababu nyingi za kukosa darasa ambazo hakuna mkufunzi anayeweza kuziondoa. Lakini fikiri linapotupeleka. Ikiwa tunajua tangu siku ya kwanza kwamba mwanafunzi wetu yuko katika hatari ya kuacha, basi hoja hiyo inadai washauri wengi zaidi. Haiwezi kutetea uwiano wa nane kwa mmoja. Na tunajua kwamba watu wa kumsaidia wakiwepo, matokeo hubadilika. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa vyuo vyake vya jamii, wengi wao wa kipato cha chini. Mpango ulimpa kila mwanafunzi mshauri mwenye wanafunzi wachache, badala ya mshauri wa kawaida anayehudumia mamia kwa mamia, pamoja na msaada wa vitabu, nauli na masomo ya ziada. Watafiti wa shirika la utafiti la MDRC waliugawa umati wa waombaji kwa bahati nasibu, wengine wakaingia na wengine wakaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walioingia walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Umaskini wao ulikuwa uleule. Kilichotofautiana kilikuwa msaada waliopewa, na ndani yake watu walioajiriwa kwa ajili yao.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani dawa ni nyepesi: tulipe kwa matokeo, basi. Hapana, kwa sababu chuo huajiri kufuata kipimo, na kipimo kibovu huzaa ajira mbovu. Sheria za Marekani zinakinyima misaada chuo ambacho kiwango cha wakopaji wake wanaoshindwa kulipa mikopo kinafika asilimia 30 kwa miaka mitatu mfululizo, na ufuatiliaji wenyewe unahusu miaka mitatu ya kwanza baada ya kuanza kulipa. Ripoti ya Harkin ilikuta kampuni zikiajiri wakala wa kuwapigia simu wadaiwa na kuwasukuma waombe kuahirishiwa malipo hadi miaka hiyo ipite, ilhali riba inaendelea kupanda. Kipimo kingine, cha asilimia ya wahitimu waliopata kazi, kilijazwa na chuo chenyewe. Mwaka 2014 shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha liliishitaki Corinthian, likidai pamoja na mengine kwamba ilihesabu kazi ya siku moja kuwa ni ajira. Aprili 2015 Wizara ya Elimu ilikitoza Heald faini ya karibu dola milioni 30 baada ya kukuta taarifa 947 za uongo kuhusu ajira za wahitimu. Katika mifano yote miwili watu waliajiriwa kweli, lakini kazi yao ilikuwa kupika namba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa yafaa kuongeza kwamba daftari lisishikwe na mwenye duka peke yake. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho chuo hakiwezi kukigusa: mapato ya wahitimu kama yalivyoandikwa katika kumbukumbu za serikali za mishahara, yakilinganishwa na deni walilobeba. Kanuni ya namna hiyo ilitolewa Marekani mwaka 2014, ikafutwa 2019, na nyingine ikatolewa 2023. Kuwekwa na kufutwa huko ni hasara ya pekee, kwa kuwa mmiliki hawezi kuajiri wakufunzi wa miaka kumi kwa kanuni inayodumu muhula mmoja wa rais.

Kuna mfano wa chuo kilicholipwa kwa kipimo cha namna hiyo. Texas State Technical College ni chuo cha umma, na mwaka 2013 jimbo la Texas lilibadili hesabu ya kukigharimia. Fedha ya jimbo kwa ajili ya ufundishaji ikaacha kufuata saa ambazo wanafunzi wamekaa darasani, ikaanza kufuata mishahara ambayo wahitimu wake wanapata kazini. Uongozi ulifunga baadhi ya kozi ambazo wahitimu wake walikuwa wakipata kipato duni, ukaelekeza nguvu kwenye zile ambazo waajiri wanazihitaji, na mwaka 2016 ukatangaza kwamba katika kozi kadhaa mwanafunzi atakayehitimu bila kupata kazi ya fani yake ndani ya miezi sita atarudishiwa ada. Chuo hiki si cha faida, na sidai kwamba mfano mmoja unatosha kuwa sheria kwa wote. Ninachodai ni kwamba wakuu wa chuo, wa umma au wa binafsi, husoma hesabu ya malipo kwa makini, kisha hupanga watu wao kuifuata.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote. Chuo kikilipwa kwa kuhitimu na kuajiriwa, je, hakitawakataa dhaifu? Kitachagua vijana waliofaulu vizuri, wasio na watoto, wenye gari, na mlango wa mwisho uliokuwa wazi kwa mama wa miaka 35 utafungwa. Pia chuo kidogo hakina akiba ya kusubiri malipo ya miaka miwili. Kuhusu akiba, jibu ni kiasi: hakuna anayetaka malipo yote yasubiri. Fungu la kwanza lilipe gharama za kuendesha darasa, fungu la pili lilipwe kozi inapokamilika, na la tatu, lenye faida ndani yake, lilipwe mhitimu anapoonekana katika kumbukumbu za mishahara. Kuhusu ubaguzi, fungu la mwisho linaweza kuwa kubwa zaidi kwa mwanafunzi aliyeanza na kipato kidogo au elimu ndogo, ili kumfikisha mbali kuwe na thamani kuliko kumpokea aliyekuwa karibu na mwisho wa safari. Hata hivyo tuseme ukweli wote: baadhi ya watu watakataliwa. Ofisa udahili atamwambia mwombaji kwamba kozi hii haitamfaa kwa sasa. Huko si kumdhulumu. Aliyedhulumiwa ni yule aliyepokelewa kwa tabasamu, akakopeshwa, akaachwa aondoke mwezi wa tano bila cheti, akiwa na deni. Kukataliwa kwa uaminifu humwacha mtu alipokuwa. Kudahiliwa kwa hila humrudisha nyuma.

Gharama ya kupuuza haya ilionekana pale Corinthian ilipoanguka. Juni 2014 Wizara ya Elimu iliichelewesha kupata fedha za misaada kwa siku 21 tu, na kampuni yenye vyuo zaidi ya 100 ikashindwa kusimama. Aprili 2015 matawi yake ya mwisho yalifungwa, na wanafunzi takriban 16,000 wakaachwa njiani. Mwaka uliofuata ITT Tech, kampuni nyingine ya vyuo vya faida, nayo ikafunga. Mwaka 2022 serikali ilifuta mikopo ya dola bilioni 5.8 ya watu 560,000 waliosoma Corinthian. Mlipa kodi aligharimia elimu hiyo mara mbili, mara ya kwanza ilipotolewa vibaya, mara ya pili mikopo yake ilipofutwa. Waajiri nao walishatoa hukumu yao. Katika jaribio lililochapishwa 2016, watafiti walituma maombi ya kazi ya kubuni, na waombaji wenye shahada ya biashara ya vyuo vikubwa vya faida vya mtandaoni waliitwa kwa asilimia 22 pungufu kuliko wenye shahada hiyohiyo kutoka vyuo vya umma visivyochagua sana wanafunzi.

Msomaji wa Afrika Mashariki asisome haya kama habari za mbali. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Tanzania inatoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na Kenya inakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi kupitia HELB, bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu. Ni hatua njema, na vyuo binafsi vina nafasi yake, kwa kuwa serikali haiwezi kujenga karakana zote peke yake. Lakini fedha ya umma inapoanza kumfuata mwanafunzi, wajibu wa kupanga saa ya malipo unaifuata. Wakati wa kuipanga ni sasa, kabla hakujawa na kampuni zenye nguvu ya kuipinga. Na mzazi asingoje sheria. Kabla ya kulipa ada, aingie chuoni aulize maswali matatu, ayapatie majibu kwa maandishi: Wafanyakazi wangapi hapa wanatafuta wanafunzi, na wanalipwaje? Wakufunzi wangapi ni wa kudumu? Kati ya walioanza kozi hii miaka miwili iliyopita, wangapi walimaliza, na wanafanya kazi wapi? Chuo chenye majibu kinastahili ada yake. Chuo kinachomjibu kwa kumsogezea fomu asaini leo hakistahili hata nauli ya kwenda kukiona.